UZI: Nimerudi mara tatu kwenye mkahawa wetu wa biriani South C, na mara zote tatu nimetoka mnyonge

#1 Mwana_wa_Mugoya

Salaam wana jukwaa.

Niliishi South C, Nairobi, kuanzia 2009 hadi 2017, kisha nikaoa nikahamia Kitengela. Kulikuwa na mkahawa mmoja wa biriani pale mtaani. Jina silitaji kwa sababu wenyewe bado wanatafuta riziki, ila aliyekaa Mugoya au Akiba miaka ile anaujua: meza sita, kuta za kijani, sinki la kunawia mikono liko nje kando ya mlango, na ndege ndogo za uwanja wa Wilson zikipita juu inabidi mnyamaze kidogo ndipo mwendelee na mazungumzo. Ijumaa baada ya swala foleni ilifika barabarani. Mshahara wangu wa kwanza niliulia pale. Mipango ya posa yangu ilikaliwa kwenye meza ya pembeni, wajomba watatu na sinia moja.

Kilichonifunga pale ni ukoko. Mpishi alikuwa anapalia makaa juu ya kifuniko, wali wa chini unakauka taratibu mpaka unashika rangi ya kahawia. Mzee wa kaunta akishakuzoea, anakuletea ukoko kwenye kisahani bila kuuomba, umemwagiwa rojo kijiko kimoja. Haulipii. Ukiuma, unalia kati ya meno, halafu ndani unakutana na samli na hiliki.

Mwaka huu nimerudi mara tatu. Ya kwanza ilikuwa Jumanne mchana. Wali mweupe una madoa ya rangi ya chungwa, rojo ni nyanya ya mkebe na maji. Nikasema labda ni siku mbaya. Ya pili nikaenda Ijumaa, maana Ijumaa ndiyo siku yao. Kiazi kibichi katikati. Ya tatu nikampeleka mama yangu, ambaye zamani akija Nairobi kutoka Voi lazima apite pale kabla hata ya kufika nyumbani kwangu. Alikula vijiko vinne, akaisogeza sahani, akaniambia, "Mwanangu, aliyepika hiki hakukionja."

Nilimuuliza kijana wa kaunta kama kuna ukoko. Akaniuliza ukoko ni nini.

Nataka kuelewa. Ni mkahawa uliobadilika au ni mimi? Kuna mwingine aliyerudi?

#2 Binti_Akiba

Naujua! Sinki lile lilikuwa na sabuni ya mche imefungwa kwa kamba ya manila isiibiwe. Pole sana kaka.

Mimi nilirudi mara moja tu, 2022, sikurudi tena. Jibu ni fupi: mpishi aliondoka. Nilisikia alikwenda Qatar kabla ya Kombe la Dunia, walikuwa wanachukua wapishi wengi. Mkahawa ni mkono wa mtu, si kuta.

#3 Kibanda_Tosha

Mimi nauza chakula Industrial Area mwaka wa kumi na moja huu. Wateja mnapenda kusema mpishi, mpishi. Angalieni bei! Unga wa ugali, pakiti ya kilo mbili, ulivuka shilingi 200 mwaka 2022. Mafuta nayo serikali ikapandisha kodi ya VAT kutoka asilimia 8 hadi 16 Julai 2023. Sasa biriani ya kitunguu cha kukaanga utaipikaje? Mtu anapunguza hapa, anapunguza pale, na mteja anaona miujiza imeisha.

#4 Karani_wa_Hesabu

Kibanda_Tosha, heshima kwako, lakini umechanganya mafuta na mafuta. VAT iliyopanda Julai 2023 ni ya petroli, dizeli na mafuta ya taa. Mafuta ya kupikia yalipanda mapema zaidi, 2021 kuingia 2022, kwa sababu ya bei ya mawese duniani. Indonesia ilifikia hatua ya kuzuia kuuza mawese nje mwishoni mwa Aprili 2022, zaidi ya wiki tatu, na vita vya Ukraine vilikuwa vimeshaharibu soko la mafuta ya alizeti. Gesi ya kupikia nayo iliwekewa VAT ya asilimia 16 Julai 2021, mwaka uliofuata ikashushwa hadi 8, na 2023 ikaondolewa.

Kwa hiyo kama ni bei tu, mbona mkahawa haukurudi hali yake mambo yalipotulia?

#5 Kibanda_Tosha

Asante kwa kunisahihisha, mafuta ya kupikia ndiyo niliyokusudia. Dumu la lita 20 kwangu lilikaribia kuwa mara mbili ya bei niliyozoea.

Swali lako la mwisho nalijibu kwa yaliyonikuta. Mafuta yalipopanda niliacha kukaanga vitunguu kila asubuhi, nikaanza kununua vilivyokaangwa tayari, vya mfuko. Nyama nikapunguza kutoka vipande vinne hadi vitatu. Bei ilipotulia, vitunguu vya mfuko sikuviacha. Msichana aliyekuwa akikata vitunguu alikuwa ameshapata kazi kwingine, jiko la nyuma nilikuwa nimeshaliuza, na wateja wapya hawakuwahi kujua tofauti. Kilichoshushwa kwa dhiki hakipandi chenyewe, ni lazima mtu akipandishe, na mtu huyo amechoka. Mwaka jana ndipo nilirudi kukaanga mwenyewe, na ni kwa sababu mteja mmoja mzee aliniambia usoni mwangu. Nilimshukuru, nikaenda nyuma nikalia.

#6 Jirani_Mpole

Mwana_wa_Mugoya, ndugu yangu, yaani miaka minane umelipia wali na unachokililia ni kile ulichopewa bure 😂

#7 Mwana_wa_Mugoya

@Jirani_Mpole ndiyo, hicho hasa. Cha kulipia nakipata popote.

@Kibanda_Tosha, nimeisoma mara mbili hiyo #5. Mungu akuzidishie. Nitakutafuta Industrial Area.

#8 Moshi_wa_Mkaa

Wote mmepita kando ya jambo kubwa. Amesema mwenyewe kwamba makaa yalipaliwa juu ya kifuniko. Serikali ilipiga marufuku makaa 2018, hoteli nyingi zikahamia gesi. Gesi inawaka chini tu. Juu ya sufuria hakuna moto, kwa hiyo wali hauivi kwa joto kutoka pande zote mbili, na ukoko wa gesi unaungua katikati, pembeni unabaki laini. Mama yangu huko Machakos hata leo, gesi anayo ya chai na mayai. Wali ni jikoni kwa makaa, basi.

#9 Karani_wa_Hesabu

Naudhi tena, samahani. Makaa hayakupigwa marufuku nchi nzima. Februari 2018 kilichositishwa ni ukataji miti katika misitu ya umma na ya jamii, kwanza kwa siku 90, kisha muda ukaongezwa, na ikadumu mpaka 2023. Kaunti ya Kitui ndiyo iliyozuia biashara ya makaa mwaka huohuo, na Nairobi ilikuwa ikipata makaa mengi kutoka huko. Gunia likapanda bei. Kwa hiyo hoja yako inasimama, ila kwa mguu mwingine.

#10 Moshi_wa_Mkaa

Mguu wowote, mradi inasimama. Asante karani.

#11 Nesi_wa_Zamu

Habari zenu. Niseme la upande wa pili, kwa sababu hakuna aliyeuliza pua.

Nilipata korona 2021, harufu ikapotea. Iliporudi, ilirudi imepinda. Kwa miezi mingi kitunguu kikikaangwa nilikuwa nasikia kama mpira unaoungua. Nilimshutumu dada wa kazi kwamba ameharibu mchuzi, nikabadilisha duka la viungo, nikamgombeza hadi mume wangu. Kumbe ni mimi. Ladha tunayoisema ya biriani, hiliki, karafuu, mdalasini, sehemu kubwa tunaipata kwa pua, siyo kwa ulimi. Na hata bila ugonjwa, umri unapunguza uwezo wa kunusa kidogokidogo.

Kisha kuna njaa. Kaka, 2009 ulikuwa kijana wa mshahara wa kwanza. Ulitembea kwenda pale, ukasimama kwenye foleni nusu saa unanusa sufuria ikifunuliwa. Sasa unatoka Kitengela kwa gari, umekunywa chai na mahamri saa nne. Biriani ya namna gani itashindana na ile foleni?

Sisemi hakuna lililoharibika. Kiazi kibichi ni kiazi kibichi.

#12 Mwana_wa_Mugoya

Dada Nesi, nimelifikiria hilo kwa dhati, maana ndilo ninaloliogopa. Lakini mama yangu ana miaka 71, na vijiko vinne vilimtosha. Na yeye hana foleni ya kukumbuka, alikuwa akikalishwa ndani moja kwa moja kwa sababu ya magoti.

Ingawa, niseme ukweli, safari ya tatu nilikuwa nimeshamwambia njiani kwamba pamebadilika. Huenda nilimharibia mdomo kabla hajala.

#13 Mlo_wa_Sasa

Jamani, mimi nakaa South C tangu 2021 na mkahawa huo ndio kwangu. Kila Jumamosi. Biriani yao ni tamu! Ninaposoma uzi huu nahisi kama mnamsema ndugu yangu. Kijana wa kaunta mnayemsema hajui ukoko ananifungia mkononi chapati ya mtoto wangu kila ninapoondoka, na hailipiwi. Mbona hilo halisemwi?

#14 Binti_Akiba

@Mlo_wa_Sasa hakuna anayekuonea. Ila hujawahi kula ile ya kwanza, dadangu.

#15 Mlo_wa_Sasa

Mimi ni mwanaume. Na nyinyi hamjala ya Jumamosi.

#16 Weita_Mstaafu

Nimefanya kazi ya kuhudumia meza miaka tisa, mikahawa minne tofauti ya Nairobi, si huo. Niwaambie ninachokijua.

Amri ya kutotoka nje usiku ilianza Machi 2020 na iliondolewa Oktoba 2021. Katika kipindi hicho mikahawa iliyopona ni ile iliyokubali kupeleka chakula majumbani kwa pikipiki. Nilikokuwa, tuliingia kwenye programu moja ya simu, nao walikuwa wanakata karibu asilimia 30 ya kila sahani. Bosi hakuweza kupandisha bei yote hiyo, kwa hiyo sahani ikapungua. Lakini kubwa zaidi ni jiko lenyewe. Zamani sufuria ya biriani inafunuliwa mara moja, saa sita na nusu, watu wamekaa wanasubiri. Ikija programu, tableti inalia saa tano, inalia saa tisa, inalia saa moja usiku. Mpishi hawezi tena kupika sufuria moja kubwa ikaliwa ikaisha. Anapika wali asubuhi, rojo linakaa kwenye moto mdogo, kikiagizwa anachota hapa na pale na kupaka rangi. Wali wa namna hiyo hautoi ukoko, kwa sababu unaondolewa motoni mapema ili usishike.

Na ukoko wenyewe haufungiki. Ukiuweka kwenye kopo la plastiki kwa dakika ishirini unakuwa kama kadibodi iliyonyeshewa.

Sasa mteja aliyekaa mezani kama Mwana_wa_Mugoya anakula chakula kilichoundwa kwa ajili ya pikipiki.

#17 Kibanda_Tosha

Hii #16 imenikaa. Rojo la moto mdogo kutwa nzima linakuwa chungu kwa pembeni, hasa bizari.

#18 Mzee_wa_Pangani

Vijana, hata shikamoo hamsemi siku hizi, haya basi. Mimi ninamjua mwenye mkahawa ule wa zamani, tuliswali safu moja. Sitamtaja.

Alikuwa akiamka saa kumi alfajiri kwenda mwenyewe kuchagua nyama ya mbuzi soko la Burma. Hakumtuma mtu. Alikuwa anagusa nyama kwa nyuma ya kidole, anainusa, kama hakuridhika siku hiyo anapika kuku na anaandika ubaoni "leo hakuna mbuzi." Mwenyewe alipoanza kuugua, watoto walikuwa na kazi zao. Mkahawa ukauzwa kwa gudwili: meza, jina, kuta za kijani na leseni. Aliyenunua ni mtu mwema, simsemi vibaya, lakini alinunua kila kitu isipokuwa ile safari ya alfajiri. Hiyo haimo kwenye karatasi.

Mkidhani ni mpishi, mpishi alipika alicholetewa.

#19 Nesi_wa_Zamu

Shikamoo mzee. Hatujasahau.

#20 Mzee_wa_Pangani

Marahaba mwanangu.

#21 Kisima_Kirefu

Mimi nitaleta jingine. Maji. Mkahawa ule zamani ulikuwa unapata maji ya jiji, yanayotoka bwawa la Ndakaini, matamu. Siku hizi maji ya mgao, maghorofa yameongezeka, kila jengo limechimba kisima. Maji ya visima vya Nairobi mengi yana floridi na chumvichumvi. Pika chai kwa maji ya kisima halafu pika kwa maji ya jiji, weka vikombe sambamba. Wali nao unanywa maji hayohayo.

#22 Moshi_wa_Mkaa

Kisima_Kirefu, kiazi kibichi nacho ni maji? 😄

#23 Kisima_Kirefu

Cheka, lakini jaribu chai kwanza.

#24 Nundu_ya_Kariokor

Mnahangaika na wali. Njooni Kariokor mle nyama choma, au Kenyatta Market. Unaona mbuzi ananing'inia, unaonyesha kwa kidole, anachomwa mbele yako, kachumbari inakatwa ukiangalia. Hapo hakuna wa kubadilisha mapishi bila wewe kujua.

#25 Jirani_Mpole

Kenyatta Market nayo si kama zamani.

#26 Nundu_ya_Kariokor

Usianze!!

#27 Mswahili_wa_Kibokoni

Habari za jioni. Nimezaliwa Mombasa, Nairobi niko tangu 1998. Jambo dogo la upishi.

Biriani yetu ya pwani, rojo hupikwa peke yake na wali hupikwa peke yake. Wali ukikaribia kuiva, unamwagiwa samli na zafarani, au rangi kwa asiye na uwezo, ndipo unapaliwa makaa. Hivyo madoa ya chungwa si kosa, Mwana_wa_Mugoya. Kosa ni madoa bila samli. Angalia punje: ikiwa na samli, inateleza na kung'aa, kila moja peke yake. Ikiwa ni rangi na maji, punje ina ncha nyeupe na inashikana na mwenzake.

Na ukoko anaousema unatoka kwenye wali huo wa samli. Hapo amesema sawa kabisa. Kwetu ukoko alipewa mtoto aliyesaidia kupepeta mchele.

#28 Mwana_wa_Mugoya

Ncha nyeupe! Hivyo hasa. Jumanne ile nilizikata punje mbili kwa kucha nikaona weupe ndani ya chungwa, sikujua ninaangalia nini. Asante sana.

#29 Karani_wa_Hesabu

Naomba kuuliza bila ubaya. Mzee_wa_Pangani anasema ni mwenye mali, Weita anasema ni pikipiki, Binti_Akiba mpishi, Moshi gesi. Haya yote yalitokea lini? Kama mkahawa uliuzwa kabla ya 2020, basi pikipiki haziwezi kuwa chanzo. Mwana_wa_Mugoya aliondoka 2017, kwa hiyo kuna miaka kadhaa, kabla Mlo_wa_Sasa hajaja 2021, ambayo hakuna kati yetu aliyekula pale kila wiki.

#30 Mzee_wa_Pangani

Uliuzwa 2019, baada ya Ramadhani.

#31 Binti_Akiba

Mimi nilikula pale hadi mwanzoni mwa 2020, mzee wangu, na ukoko ulikuwepo. Naapa. Mtoto wangu wa pili alikuwa tumboni na ndicho kitu pekee nilichoweza kumeza.

#32 Mzee_wa_Pangani

Basi mpishi alibaki baada ya mauzo. Hilo sikulijua.

#33 Weita_Mstaafu

Mwanzoni mwa 2020. Halafu Machi.

#34 Kibanda_Tosha

Au mafuta ya 2021. Msiyasahau mafuta.

#35 Mlo_wa_Sasa

Leo nimemuuliza kijana wa kaunta kwa heshima. Anasema kwamba mpishi wa zamani hakwenda Qatar. Alikaa nyumbani miezi ile ya korona bila mshahara, mkahawa ulipofungua tena ukachukua watu wawili badala ya watano, naye hakuitwa. Sasa anapika Pangani, Ijumaa tu, nyuma ya duka la nguo, hana kibao. Unaingia kwenye uchochoro unafuata harufu.

Kijana ameniuliza pia huo ukoko unapikwaje. Nimemsomea #27 yote kwenye simu.

#36 Binti_Akiba

Najirudi kuhusu Qatar. Na @Mlo_wa_Sasa, samahani kwa lile la dadangu.

#37 Mzee_wa_Pangani

Pangani kwangu na mimi sijui! Uchochoro upi?

#38 Mlo_wa_Sasa

Nimekutumia kwa ujumbe mzee. Mwana_wa_Mugoya nawe angalia kisanduku chako.

#39 Mwana_wa_Mugoya

Nimeupata. Ijumaa hii naenda na mama, amekubali kurudi kutoka Voi. Safari hii sitamwambia lolote njiani.

#40 Nesi_wa_Zamu

Wala asinywe chai ya saa nne.

#41 Mwana_wa_Mugoya

Tumefika Pangani saa saba na nusu, barabara ya Thika ilitushika. Mpishi ni yuleyule, amepungua mwili na ndevu zimeingia mvi. Alimkumbuka mama kwa magoti yake, akamletea kiti chenye mto. Makaa juu ya kifuniko nimeyaona kwa macho yangu.

Biriani ilikuwa imebaki sahani moja, mama akaila yote. Mimi nilikula rojo na chapati. Ukoko uliisha saa saba.

Ijumaa ijayo naondoka Kitengela saa nne asubuhi. Nani anakuja?

#42 Mzee_wa_Pangani

Nitakuwekea nafasi kwenye benchi.